Iringa hadi Kyela kwa MGB: siku saba za spana na mwinuko

Gari ni MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya hudi ya kukunjwa, toleo la 1970, usukani kulia, yenye overdraivu (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini) na kabureta mbili za SU aina ya HS4. Dereva ni mstaafu aliyewahi kuwa na la aina hii ujanani, akaliuza ada za shule zilipoanza kumkaba, na sasa kiinua mgongo kimemrudisha alikotoka. Kumbukumbu hizi zinamhusu kidogo tu. Zimeandikwa kwa ajili ya gari.

Safari nzima ni kama kilomita 600, ambazo basi lingezimaliza kwa siku moja. Lakini kutoka Iringa, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, gari linapanda hadi karibu 2,000, linashuka Usangu penye 1,100, linapanda tena na kupita 2,000 pale Isongole, kisha linaangukia Kyela kwenye mita 500. Gari la kisasa lina kompyuta inayoona hayo na kurekebisha. Hili lina nati moja chini ya kila kabureta, na anayeona ni wewe. Ndiyo maana kila siku hapa inaanza kwa mwinuko, kilomita baadaye.

Siku ya 1. Iringa, mita 1,600. Kilomita 0.

Leo gari halitoki. Aliyeendesha Toyota ya ofisi miaka thelathini amezoea kugeuza ufunguo na kwenda. Hapa anaanza akiwa amelala kwenye mkeka, chini ya gari lililokaa juu ya stendi nne.

Kwanza bati. MGB haina chasisi ya peke yake. Mwili ndio chasisi, na nguvu yake iko kwenye sili, yale maboksi ya bati chini ya milango. Nyanyua upande mmoja kwa jeki kwenye sehemu yake chini ya sili huku mlango ukiwa wazi, kisha jaribu kuufunga taratibu. Ukigoma, au ufa kati ya mlango na nguzo ya nyuma ukibadilika, sili zimeliwa na kutu, hata kama rangi inang'aa. Pitisha sumaku chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu: isiposhika, ulichonunua hapo ni puti. Injini, gia boksi na difu vyote vinarekebishika kwenye gereji ya kawaida. Sili ni kazi ya kukata na kuchomelea kwa wiki kadhaa, na fundi akichomelea bila kulishikiza gari vizuri, milango haitafunga tena maisha. Ukiwa bado hujanunua, gari lenye injini mbovu na bati zima ni bora kuliko kinyume chake.

Angalizo kwa wanaoagiza: MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya nusu milioni, na nyingi zilikwenda Marekani. Za huko zina usukani kushoto, na za kuanzia 1975 zina kabureta moja ya Zenith-Stromberg na nguvu pungufu. Bei yao ya chini ina sababu.

Pili, spana. Bolti za gari hili ni za inchi. Spana namba 13 ya fundi wa mtaani inaingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na inazunguka vizuri mara mbili tatu kabla ya kula kona zake. Ya 7/16 ni milimita 11.1, kwa hiyo 11 haiingii na 12 inaparuza. Ya 9/16 ni 14.3, hapo 14 inagoma na 15 inaharibu. Seti moja ya inchi kuanzia 7/16 hadi 3/4 ikae ndani ya gari, na fundi yeyote akifungua boneti mkabidhi hiyo kabla hajafungua boksi lake.

Tatu, tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu. Injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ni inchi 0.015, yaani milimita 0.38. Valvu ziko nane, na hesabu yake ni ya tisa: valvu ya 1 ikiwa imekandamizwa hadi mwisho, rekebisha ya 8, ya 3 ikiwa chini, rekebisha ya 6. Andika nafasi ulizozikuta kabla ya kuzibadilisha, hasa za ekzosi. Petroli yenye risasi iliondolewa nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara mwanzoni mwa 2006, na hedi ambayo haijawekewa siti ngumu za ekzosi inaliwa polepole: valvu inazama kwenye siti na nafasi ya tapeti inapungua yenyewe. Ukipima kila baada ya kilomita 1,500 na ukakuta valvu ileile inazidi kubana, umeshajua hedi inaelekea wapi. Hakuna haja ya kuifungua leo, ila usiichape injini mizunguko mikubwa kwa muda mrefu.

Pointi za distributa zifunguke milimita 0.35 hadi 0.40. Plagi milimita 0.64. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, rota inazunguka kinyume cha saa. Waya za plagi zikichanganywa mbili tu, injini itapiga kupitia kabureta na mwenye gari atadhani taimingi imeruka.

Oili ya injini ni 20W-50, lita 4.3 hivi pamoja na filta. Gia boksi ya gari hili nayo inakunywa oili hiyohiyo ya injini, wala si ile nzito ya gia, na overdraivu inashiriki oili moja na gia boksi. Tumeona gia boksi zilizojazwa oili namba 90 kwa nia njema: gia zinakuwa ngumu asubuhi na overdraivu inachelewa kushika. Namba 90 inaingia kwenye difu tu. King pini zina nipo tatu za grisi kila upande. Piga grisi gurudumu likiwa hewani, hadi grisi safi ichungulie. Kwenye vikombe vya juu ya kabureta weka oili ya injini kidogo. Vikikauka, gari linakohoa kila unapokanyaga.

Mafuta ya breki yabadilishwe yote, DOT 4. Yanavuta unyevu hata gari likiwa limesimama. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, ikishanyonya maji inashuka kuelekea 155, na siku ya nne kuna mteremko wa kutosha kuyafikia hayo. Hosi za mpira za breki zikiwa na umri usiojulikana zitupwe. Zinavimba kwa ndani: breki inashika, haiachii, na diski inanuka.

Rejeta inapulizwa kutoka upande wa injini kwenda mbele ili wadudu na majani yatoke yalikoingilia. Kifuniko chake ni cha shinikizo la pauni 10. Kwa mwinuko wa Iringa maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 tu, na ni shinikizo la kifuniko linaloyazuia. Kifuniko chenye mpira uliokufa Dar es Salaam kinaweza kuvumilika. Huku hakivumiliki.

Matairi: saizi inayolifaa ni 165 R14. Zinazopatikana madukani kwa jina hilo mara nyingi ni za magari ya mizigo, zenye herufi C mwishoni, mbavu zake ngumu, na gari jepesi hivi litaruka juu yake kama jiwe juu ya maji. 185/70 R14 ina kimo karibu sawa. 185/65 R14 ndiyo rahisi kupata, lakini kimo chake ni pungufu kwa milimita 24 hivi, kwa hiyo gari linashuka milimita 12 na spidomita inazidisha. Rimu za spoku lazima ziwe na tyubu. Upepo ni pauni 21 mbele, 24 nyuma. Fundi wa matairi atataka kuweka 35 kwa mazoea, nawe simama karibu na geji.

Siku ya 2. Iringa hadi Mafinga, mita 1,600 hadi 1,900. Kilomita 80 hivi.

Kuwasha asubuhi: vuta choki nusu, usiguse pedali. SU haina pampu ya kumwaga mafuta unapokanyaga, kwa hiyo kule kupiga pedali mara tatu kabla ya kugeuza ufunguo hakuleti chochote. Choki ya SU inashusha jeti, kijitundu kinachopitisha petroli, na kuongeza mafuta, na kwa mwinuko huu hewa ni nyepesi na mchanganyiko wa petroli na hewa umeshakuwa mzito wenyewe. Ukiivuta yote, plagi zinalowa. Washa ufunguo, sikiliza pampu ya mafuta nyuma: inagonga tik-tik-tik kisha inanyamaza. Isiponyamaza, kuna hewa inaingia kwenye bomba au kabureta moja inafurika. Isipogonga kabisa, pointi zake zina uchafu. Kuigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi kunaiamsha, na jioni ifunguliwe isafishwe.

Kutoka mjini barabara inateremka hadi Ipogolo, na hapo ndipo breki zinajaribiwa mapema kuliko zinavyohitajika. Gari halivuti upande, pedali inashika juu. Poa.

Matuta ndiyo adui wa kwanza. Tumbo la gari liko chini ya sentimita 13 kutoka ardhini na bomba la ekzosi liko chini zaidi. Vuka kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, gia ya kwanza. Na mguu utoke kwenye klachi mara tu gari linapokwenda. Beringi ya klachi ya gari hili ni ya kaboni, inaliwa kila unapoegemeza mguu. Kwenye foleni ya malori weka nyutro, achia klachi, subiri. Aliyezoea kushikilia gari mlimani kwa klachi atailipia kwa kushusha injini nzima, maana injini na gia boksi hutoka pamoja.

Isimila, Tanangozi, Ifunda. Mwendo wa kilomita 90 kwa saa kwenye gia ya nne ni mizunguko 3,100, na overdraivu ikiwashwa inashuka hadi 2,550 hivi. Geji ya oili injini ikiwa moto isome kati ya pauni 50 na 80 ukiwa mwendoni, 10 hadi 25 ukisimama. Usitafute nguvu za kwenye kitabu: farasi 95 zilipimwa karibu na usawa wa bahari. Kwenye mita 1,700 zimebaki chini ya 80, kwa hiyo kulipita lori kunataka nafasi ndefu kuliko jicho linavyosema.

Kabla ya Mafinga gari lilianza kuzubaa kwenye vilima, moshi mweusi kidogo nyuma. Plagi zilipofunguliwa zilikuwa na masizi makavu. Hii ndiyo kazi ya jioni, injini ikiwa moto.

Toa filta za hewa. Hakikisha choki imerudi kabisa: mara nyingi jeti moja inakwama chini, na kidole kikiisukuma juu tatizo limekwisha kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha linganisha hewa ya kabureta mbili kwa kipande cha hosi ya mpira sikioni: sauti ya msukumo iwe sawa kwenye midomo yote miwili. Zisipolingana, legeza vibano vya fimbo inayoziunganisha, weka sawa kwa skrubu za mwendo wa polepole, kaza. Sasa inua pistoni ya kabureta ya kwanza kwa kijipini cha pembeni, kiasi cha milimita 0.8, si zaidi. Mizunguko ikipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ikipanda kidogo kisha ikarudi, hapo hapo. Ikianguka papo hapo, mafuta ni machache. Nati ya jeti ina pande sita. Kuipandisha kunapunguza mafuta, kuishusha kunaongeza. Sogeza upande mmoja, subiri sekunde kumi, jaribu tena, kisha nenda kabureta ya pili na urudi ya kwanza, maana moja ikibadilika inaivuta nyingine.

Gari hili lilikuwa limetyuniwa pwani. Lilihitaji pande mbili juu kwa kila kabureta. Alama ya rangi nyeupe ikawekwa kwenye nati, na kwenye daftari ikaandikwa "Mafinga +2". Usiende pande nne kwa kutafuta uchumi wa mafuta. Mchanganyiko mwembamba unachoma valvu za ekzosi, zile zile zisizo na risasi ya kuzikinga.

Siku ya 3. Mafinga hadi Njombe, mita 1,900, 1,700, kisha karibu 2,000. Kilomita 160 hivi.

Baridi ya mwisho wa Mei. Ukungu uko kwenye misonobari ya Sao Hill hadi saa tatu asubuhi, na tuliondoka baada ya hapo. Hakuna ubishi wa kustaafu unaoruhusu kupita malori ya Tunduma kwenye ukungu ukiwa umekaa chini kuliko taa zao za mbele.

Siku nyepesi kwa gari, nzito kwa magoti. Kuingia MGB: kaa kwanza kitini ukiwa umeangalia nje, kisha zungusha miguu yote miwili pamoja. Kutoka ni kinyume chake, mkono mmoja ukiwa juu ya kizingiti na kamwe si juu ya usukani. Kiti kikizama, mara nyingi sponji haina kosa, ni mpira unaokibeba chini umekatika, na mikanda ya kushonea viti vya kawaida inauziba vizuri. Usukani hauna pawa, na matairi yakiwa chini ya pauni 21 mabega yanajua.

Makambako mchana, kushoto kuelekea Njombe. Overdraivu ikagoma kushika. Kuna mambo matatu, kwa mpangilio huu: oili ya gia boksi imepungua, waya kwenye swichi iliyo juu ya gia boksi umelegea, au solenoidi imechoka. Ilikuwa waya.

Siku ya 4. Njombe hadi Mbeya, kutoka 2,000 kushuka 1,100 na kupanda 1,700. Kilomita 230 hivi.

Hii ndiyo siku ngumu kuliko zote.

Njombe asubuhi injini ilihitaji choki nusu kwa dakika mbili, kisha robo. Usiirudishe yote kwa pupa ukaendesha injini inayokatakata. Usiiache pia hadi Makambako, kwani petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Baada ya Makambako barabara inateremka kuelekea Halali na Igawa, na hewa inakuwa ya joto kila baada ya kilomita chache. Zima overdraivu kabla ya mteremko, siyo katikati. Ikiwa imeshika, injini haizuii gari inavyopaswa. Gia ya tatu, mizunguko 3,000 hadi 3,500, breki kwa mguso mfupi unaoeleweka kisha achia kabisa zipumue. Kuegemeza mguu kilomita tano ndiko kunakochemsha mafuta ya breki. Dalili ni pedali inayoanza kuwa ndefu na laini: hapo shuka gia, tafuta nafasi, simama, na usivute handibreki kwa nguvu drami zikiwa moto. Weka gia na jiwe.

Chini, Usangu. Igawa, Chimala. Mkono wa kushoto kuna ukuta wa milima na barabara ya Matamba inayopanda Kitulo kwa kona zaidi ya 50. MGB haina shughuli kule. Joto la bonde lilileta jambo jingine: baada ya kusimama Chimala robo saa, injini ikagoma kuwaka. Gari likisimama moto, joto la manifodi linapanda kwenye vikombe vya kabureta na petroli inageuka mvuke. Fungua boneti, subiri dakika kumi, washa bila choki huku pedali ikiwa imekanyagwa robo. Kinga ni lile bati la kuzuia joto kati ya manifodi na kabureta, lenye asbesto ya zamani au kitambaa cha kisasa mgongoni. Kwenye magari mengi liliondolewa na mtu aliyeona halina kazi. Bomba la petroli lisiguse bloku popote.

Igurusi, kisha Mlima wa Inyala. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na hapo ndipo geji ya maji inapanda pia. Feni ya MGB hii inazungushwa na mkanda, kwa hiyo injini ikienda polepole feni nayo inalala. Usikwame gia ya tatu mizunguko 1,500 ukidhani unaipumzisha. Gia ya pili, mizunguko 2,500, pampu ya maji na feni zifanye kazi. Sindano ikikaribia mwisho, washa hita yote: ni rejeta ya pili, na siku ya jua ni adhabu, lakini inashusha sindano kwa upana wake mmoja. Ikishindikana egesha, acha injini izunguke 1,500 dakika mbili kabla ya kuzima. Kifuniko cha rejeta kisiguswe kwa nusu saa.

Sindano ilifika robo tatu, ikarudi kabla ya Uyole. Kilichosaidia ni kuliacha lori litangulie mita mia tatu ili hewa safi ipite, badala ya kunusa ekzosi yake.

Siku ya 5. Mbeya, mita 1,700. Kilomita 0.

Siku ya gereji. Maji yalipungua vikombe viwili vya chai, oili nusu lita. Mkanda wa feni unyumbuke kama milimita 13 katikati ukiusukuma kwa kidole gumba. Nati za kabureta hazikuguswa. Tofauti ya Mafinga na Mbeya ni ndogo.

Fundi wa umeme wa mtaani anaogopa gari hili bila sababu. Rangi za waya hazidanganyi: kahawia inatoka moja kwa moja kwenye betri na haina fyuzi, nyeupe ni ya ufunguo, kijani ni ya ufunguo kupitia fyuzi, zambarau ina umeme muda wote kupitia fyuzi, nyeusi ni ardhi. Buluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo. Tisa kati ya kasoro kumi utakazoambiwa ni za umeme zinaishia kwenye waya mweusi uliofungwa juu ya kutu. Sugua hadi bati ling'ae, kaza, paka grisi.

Fyuzi zina mtego. Ile ya kioo iliyoandikwa 35 na Lucas inaungua kwenye ampea 35 lakini imepangiwa kubeba 17 kwa muda mrefu. Fyuzi ya kisasa iliyoandikwa 35 inabeba 35 mchana kutwa, na waya ndio utakaoungua badala yake. Weka 17 au 20.

Taa kubwa ni hafifu kwa kuwa umeme wote unapita kwenye swichi ya usukani. Relei mbili za kawaida, za gari lolote, moja ya taa kamili na moja ya taa ya chini, zikipata umeme moja kwa moja kutoka stata kupitia fyuzi, zinabadilisha kila kitu. Kazi ya saa mbili, na kesho kuna ukungu.

Spea za kubeba si nyingi: pointi, kondensa, rota na kifuniko cha distributa, plagi nne, mkanda wa feni, hosi ya juu na ya chini ya rejeta. Kebo ya klachi huihitaji kwa sababu klachi ni ya mafuta, ila beba seti ya repea ya silinda yake ya chini. Gasketi ya hedi inaweza kukaa nyumbani na kutumwa kwa basi.

Siku ya 6. Mbeya hadi Tukuyu, 1,700 kupita juu ya 2,000 hadi 1,500 na ushee. Kilomita 70 hivi.

Kutoka Uyole barabara inapanda kuelekea Isongole, viazi pande zote mbili, Mlima Rungwe mbele ukiwa hauonekani. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Mei bado iko ndani ya hesabu hiyo. Hudi ifungwe Uyole. Usisubiri tone la kwanza, kwa sababu vifungo vyake havifungiki na vidole vyenye baridi.

Baada ya Isongole injini ikaanza kumisi kwenye mvua ya upande. Unyevu kwenye kifuniko cha distributa: umeme unatafuta njia fupi juu ya plastiki iliyolowa. Zima, fungua vibano viwili, kausha ndani na nje kwa kitambaa kikavu, angalia mstari mwembamba mweusi kama wa penseli kati ya nguzo mbili. Ukiuona, kifuniko kimepasuka na kukausha hakutoshi. Hakikuwa kimepasuka. Kipande cha glavu ya mpira, vidole vinne vya waya za plagi na kimoja cha koili, kilivalishwa juu yake, na gari likaenda hadi Kiwira bila kukata.

Tukuyu jioni inua mazulia. Maji yanaingia kwenye kona za kioo cha mbele na kukaa chini ya zulia wiki nzima, na sakafu inaoza gari likiwa limeegeshwa vizuri. Toa vizibo vya mpira vya sakafuni, chokoa matundu ya chini ya milango na ya sili kwa waya. Maji yaliyotoka kwenye mlango wa kushoto yangejaza kikombe.

Siku ya 7. Tukuyu hadi Kyela, 1,500 hadi 500. Kilomita 55 hivi.

Mteremko wa mita elfu moja kwa saa moja na nusu. Chai inaisha, ndizi zinaanza, kisha kakao na mpunga, na joto linapanda kwa kila kona. Breki zilitunzwa kama siku ya nne, gia ya tatu, overdraivu ikiwa imezimwa tangu Tukuyu.

Karibu na tambarare injini ikaanza kunoki ukikanyaga gia ya nne, mlio kama misumari kwenye kopo. Hewa ya chini ni nzito, kabureta bado zimewekwa kwa Mafinga, na mchanganyiko umekuwa mwembamba. Punguza mguu, shuka gia. Usiendelee ukisema injini itazoea.

Kyela, chini ya mwembe, injini moto. Pini ikainuliwa, mizunguko ikaanguka papo hapo, kabureta zote mbili. Nati zikashushwa upande mmoja, jaribio likarudiwa, bado kidogo, upande wa pili ukashushwa. Mizunguko ikapanda kidogo ikarudi. Zikawa zimefika pale zilipokuwa pwani. Baada ya kilomita kumi za kujaribu barabara ya Ipinda, plagi ya 1 ilifunguliwa: rangi ya chai ya maziwa, pete nyeusi nyembamba pembeni. Kwenye daftari: "Kyela 0. Tukuyu kurudi, +1 kabla ya kupanda, +2 Isongole."